Nyumba Mbali na Migomba: Upinzani dhidi ya Makazi Mapya katika Nyanda za Juu za Buha

Mwanakijiji anayekataa kuhamia katika makazi mapya, au anayekataa makazi hayo yajengwe juu ya ardhi ya kijiji chake, huelezwa na watawala kwa namna chache zinazojirudia: hajaelewa, ameng'ang'ania mila, au amepotoshwa na wachochezi. Historia ya Kibondo na Kasulu, wilaya za nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma zilizo katikati ya nchi ya Waha, yaani Buha, inatoa sababu ya kuyatilia shaka maelezo hayo, kwa kuwa katika kipindi kisichofika nusu karne wakazi wake waliamriwa mara mbili kuacha nyumba na kujenga upya, mara ya kwanza na serikali ya kikoloni kuanzia mwaka 1933 kwa jina la afya, na mara ya pili na serikali yao wenyewe kuanzia mwaka 1972 kwa jina la maendeleo. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba upinzani dhidi ya makazi hayo haukuwa chuki ya nyumba mpya, wala ya shule na zahanati zilizoahidiwa pamoja nazo. Ulikuwa hoja ya kilimo, inayohusu umbali kati ya mlango wa nyumba na shina la mgomba, ambayo wapangaji hawakuwa na safu ya kuiandika katika majedwali yao.

Istilahi mbili zinahitaji kuwekwa wazi mapema. Makazi ya kutawanyika ni mpangilio ambao kila kaya hujenga ndani ya shamba lake, na jirani wa karibu huwa upande wa pili wa shamba hilo. Makazi ya pamoja, ambayo katika lugha ya utawala yaliitwa vijiji vya kupangwa, ni mpangilio ambao nyumba huwekwa kwa mistari kandokando ya barabara, na mashamba hubaki nje ya mistari hiyo, kila mtu akigawiwa eneo lake huko. Tofauti kati ya mipangilio hii miwili kwenye ramani huonekana kuwa ndogo, lakini kwa mkulima wa Buha ilikuwa tofauti kati ya nyumba inayozalisha na nyumba ya kulala tu.

Nyanda hizi, ambazo sehemu kubwa iko juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, zina migongo ya vilima iliyotenganishwa na mabonde yenye vijito vinavyoelekea Mto Malagarasi, na mvua yake hunyesha kwa msimu mmoja mrefu kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi karibu na Mei. Udongo wa migongo hiyo, ukilimwa bila kurudishiwa kitu, huchoka haraka, na ndiyo maana migomba, ambayo inaweza kudumu mahali pamoja kwa miongo kadhaa, ilipandwa kuizunguka nyumba, mahali ambapo majivu ya jikoni, maganda, takataka za ua na samadi ya mbuzi au ya ng'ombe huishia bila mtu kulazimika kuzibeba. Hata mfumo wa ubugabire, ambao mwenye mifugo mingi alimkabidhi mtu mwingine ng'ombe kwa masharti ya utii na huduma, ulikuwa na upande wake wa kilimo, kwani aliyekabidhiwa mnyama, mbali na maziwa, alipata pia samadi ya kuitia migombani. Nje ya mduara wa migomba na kahawa yalifuata maharage na mahindi, kisha mihogo na mazao yanayovumilia udongo uliochoka, na mwisho malisho na pori la kutundikia mizinga ya nyuki. Nyumba ilikuwa katikati ya mpango huo kama chanzo cha rutuba, na kaya ilipohama, mahame yake, yaani mahali palipokuwa na makazi yaliyoachwa, yaliendelea kuwa ardhi bora kuliko ardhi yoyote ya jirani kwa miaka mingi. Mtu anayeiona nyumba ya msonge ya nyasi huenda akadhani kuihamisha ni kazi ya siku chache, na kwa upande wa miti na nyasi hakosei. Lakini rutuba iliyolimbikizwa kuizunguka haihamishiki.

Uhamisho wa kwanza ulitokana na malale, ugonjwa unaosababishwa na vimelea vinavyoenezwa na mbung'o, ambao mwaka 1922 ulizuka huko Maswa na baadaye ukasambaa katika mapori ya miombo ya magharibi. Idara ya tiba, ambayo kazi yake ya malale ilisimamiwa na daktari Maclean, ilikuja na dawa ya kijiografia: kwa kuwa mbung'o anahitaji kivuli cha pori, watu wakusanywe mahali pamoja kwa wingi wa kutosha ili kulima kwao tu kulifyeke pori na kuliweka mbali. Kuanzia mwaka 1933 familia nyingi za pembezoni mwa Buha, hasa upande wa mashariki unaoshuka kuelekea mabonde ya Moyowosi na Malagarasi, ziliondolewa na kupelekwa katika makazi ya malale, na kurudi porini kwa ajili ya asali au uwindaji kukawa jambo la kuruhusiwa na ofisi.

Haifai kuudharau mpango huo, kwani malale yalikuwa yanaua, na hoja ya kitabibu ilikuwa na msingi. Hata hivyo, wanahistoria wa mazingira, miongoni mwao John Ford katika kitabu chake cha mwaka 1971 na Helge Kjekshus katika kitabu chake cha mwaka 1977, walionyesha upande ambao idara haikuupima: watu waliotawanyika, kwa kulima, kuchoma nyasi na kuchunga, walikuwa ndio wanaolizuia pori, na walipoondolewa pori lilirudi pamoja na wanyama na mbung'o wake. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ya mashariki leo ni Pori la Akiba la Moyowosi. Kwa maneno mengine, tiba ilisaidia kuupanua ugonjwa upande mmoja huku ikiuzuia upande mwingine, na mkulima aliyesema kwamba nchi isiyokaliwa huharibika hakuwa mbali sana na hitimisho ambalo sayansi ililifikia miongo minne baadaye.

Uhamisho wa pili ulikuwa na asili tofauti. Julius Nyerere, katika hotuba yake ya kuapishwa kuwa Rais wa Jamhuri mnamo Desemba 1962, tayari alikuwa amewaeleza wananchi kwamba bila kuishi pamoja vijijini hawangeweza kupata matrekta, shule wala maji. Na kabla yake, mwaka 1961, ripoti ya Benki ya Dunia ilipendekeza makazi mapya ya wakulima wachache yatakayogharimiwa sana na serikali, mpango ulioachwa mwaka 1966 baada ya gharama zake kuzidi mavuno yake. Azimio la Arusha la Februari 1967 na andiko la Ujamaa Vijijini la Septemba mwaka huohuo vilibadilisha mwelekeo, kwa kuwa kijiji cha ujamaa kilikusudiwa kuwa umoja wa hiari wa watu wanaolima pamoja, na mwaka 1968, katika andiko la Uhuru na Maendeleo, Rais alieleza wazi kwamba watu hawaendelezwi kwa kuswagwa. Mfano uliokuwa karibu zaidi na maneno hayo, Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, chenye vijiji kama Litowa vilivyoanzishwa na wanakijiji wenyewe, kilipigwa marufuku na chama tawala, TANU, mwaka 1969. Kuanzia hapo hiari ilibaki katika hotuba, na utekelezaji ukahamia kwa wakuu wa mikoa na wilaya, ambao walipimwa kwa idadi ya watu waliohamishwa.

Mkoa wa Kigoma ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuingizwa katika operesheni, neno lililochukuliwa kutoka lugha ya kijeshi na kutumika kwa kampeni ya kuwahamisha wakazi wote wa eneo kwa muda mfupi. Operesheni Kigoma ilianza mwaka 1972, baada ya ile ya Dodoma. Katika mwaka huohuo mauaji ya Burundi yalisukuma maelfu ya wakimbizi kuvuka mpaka na kuingia Kigoma, nao wakapelekwa mbali zaidi, Ulyankulu na Katumba, na kisha Mishamo, katika makazi yaliyopimwa kwa barabara na vijiji vyenye mpangilio unaofanana. Kwa wakati mmoja, raia na mkimbizi waliwekwa katika mchoro uleule. Kwa mkimbizi, aliyekuwa amepoteza shamba tayari, mchoro huo ulikuwa mwanzo; kwa Mha aliyekuwa na migomba inayozaa ulikuwa hasara, na kushangazwa na kukataa kwake kulionyesha jinsi wapangaji walivyokuwa hawatofautishi hali hizo mbili.

Mkutano wa TANU uliofanyika Mwanza mwaka 1973 uliazimia kwamba wananchi wote wa vijijini wawe katika vijiji ifikapo mwisho wa mwaka 1976, na mnamo Novemba 6, 1973 Rais alitangaza kwamba kuishi vijijini kulikuwa sasa ni amri. Kwa makadirio yanayotajwa na wasomi wengi, watu wasiopungua milioni 5 walihamishwa kati ya mwaka 1973 na 1976, baadhi yao kwa magari ya jeshi na kwa usimamizi wa mgambo, na katika sehemu kadhaa za nchi nyumba za waliochelewa zilichomwa au kuezuliwa ili wasirudi. Operesheni hazikungoja kalenda ya kilimo. Ilipofika miaka ya 1974 na 1975 nchi ilikumbwa na upungufu mkubwa wa chakula, serikali ikalazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje, na mjadala juu ya mgawanyo wa lawama kati ya ukame na uhamisho haujafungwa hadi leo. Hata msomaji anayeitwika mvua sehemu kubwa ya lawama hawezi kukana kwamba mkulima aliyekuwa akijenga nyumba wakati wa kupanda hakupanda.

Upinzani wa wanavijiji dhidi ya makazi hayo haukuwa na mabango wala maandamano, na kwa sababu hiyo umepata nafasi ndogo katika maandiko. Mara moja tu uliingia katika historia ya taifa kwa kishindo, pale Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Klerruu, alipouawa huko Isimani siku ya Krismasi ya mwaka 1971 na mkulima aliyeitwa Said Mwamwindi. Lakini tukio hilo halifanani na namna watu wengi walivyokataa. Kilichokuwa cha kawaida, kwa mujibu wa maelezo kutoka mikoa mbalimbali, ni kibanda cha kuonekana kilichojengwa kwenye mstari wa barabara huku kaya ikiendelea kulala shambani, wazee walioachwa nyuma kulinda mazao, mavuno yaliyogeuka kuwa sababu ya kuomba wiki moja zaidi na baada yake nyingine, na shamba la pamoja lililolimwa kwa mikono mizito kuliko shamba la nyumbani. Mkulima hakusema hapana mbele ya katibu tarafa. Alisema ndiyo, kisha akarudi kwenye mahame yake kupalilia.

Wasomi wamelisoma jambo hili kwa njia zinazopingana. Goran Hyden, katika kitabu chake cha mwaka 1980, aliona mkulima wa Tanzania kuwa hajanaswa na dola, akijiegemeza katika uchumi wa undugu unaompa uwezo wa kuikwepa serikali. Naye James Scott, mwaka 1998, aliuweka uhamisho wa Tanzania miongoni mwa mipango mikubwa ya karne ya 20 iliyoshindwa kwa sababu dola ilitaka kuiona jamii katika mistari iliyonyooka inayohesabika. Scott yuko karibu zaidi na ukweli, kwa maana anaheshimu maarifa ya mkulima. Lakini wote wawili wanalitazama suala hili kutoka upande wa dola, kama mvutano wa kuonekana na kutoonekana, na ni vigumu kuamini kwamba mkulima wa Kibondo, alipokuwa akikataa kuhama, alikuwa akifikiria namna dola inavyomwona. Hesabu yake ilikuwa ya karibu zaidi. Shamba lililo kilomita 5 kutoka nyumbani humlazimu anayelilima kutembea kilomita 10 kwa siku, ambazo kwenye miinuko ya Kasulu ni zaidi ya saa mbili, na saa hizo kwa sehemu kubwa zilitoka kwa mwanamke, ambaye pia alikuwa na maji ya kuteka, kuni za kuokota na mtoto wa kubeba. Shamba hilo la mbali halina mtu wa kuwafukuza ngedere, nyani na nguruwe pori alfajiri na jioni, yaani saa ambazo wanyama hao hula. Halipati majivu wala samadi, kwani hakuna anayebeba kapu la samadi kilomita 5 kila siku. Na mvua ya kwanza inaponyesha, anayelala shambani hupanda siku hiyohiyo huku anayelala kijijini akipanda baada ya kupata habari. Kila moja ya hasara hizo ni ndogo. Zikijumlishwa kwa msimu mmoja, ni chakula cha miezi.

Haki inadai isemwe pia kwamba huduma zilikuja. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilileta elimu ya msingi kwa wote, na shule nyingi zinazosomesha watoto wa Buha mpaka sasa zina asili yake katika vijiji vya miaka hiyo. Zahanati na visima vilijengwa mahali ambapo kabla yake hapakuwa na kitu, na wapo wazee ambao hawangependa kurudi katika upweke wa mgongo wa kilima. Kinachobishaniwa ni sharti: kwamba shule haiwezi kuja mpaka nyumba zote ziifuate. Watoto wana miguu, na hutembea kwenda shule mara moja kwa siku kwa miaka michache ya maisha yao, lakini mama zao hutembea kwenda shambani maisha yote. Mpangaji angeweza kupima safari ipi kati ya hizo mbili ni ghali zaidi, na hakuna dalili kwamba swali hilo liliulizwa kabla ya magari kuanza kupakia vyombo.

Baada ya shinikizo kulegea, hasa katika miaka ya 1980, watu katika sehemu nyingi za nchi walianza kurudi taratibu kwenye mahame yao, na hapo ndipo upinzani ulipohamia mahakamani. Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 ilikuwa imevipa vijiji usajili na serikali zake, lakini haikueleza vya kutosha hatima ya haki za kimila za watu walioondolewa wala za waliopokea ardhi yao. Bunge lilijaribu kulifunga suala hilo kwa sheria ya mwaka 1992 iliyofuta haki hizo za zamani bila fidia. Mwaka 1994, katika shauri la Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Lohay Akonaay na mwenzake, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba haki ya kimila ya kumiliki ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, na ikabatilisha vifungu vya msingi vya sheria hiyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ilikuja na suluhu ya aina nyingine, kwa kuhalalisha ugawaji wote wa ardhi uliofanywa kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977 wakati wa uhamisho, hata ule uliofanywa kinyume cha sheria zilizokuwapo. Ni nadra sheria kukiri waziwazi namna hiyo kwamba serikali iliyavunja masharti yake yenyewe, na papo hapo ikathibitisha matokeo ya kuyavunja. Kwa mwenye mahame wa Kibondo, maana yake ni kwamba migomba aliyoipanda babu yake inaweza kuwa halali ya mtu aliyegawiwa mwaka 1974, na ushahidi wa miti na makaburi anaoupeleka mbele ya Baraza la Ardhi la Kijiji huonyesha nani alikuwa wa kwanza, jambo ambalo kifungu hicho hakiliulizi.

Makazi mapya yanayopingwa sasa ni ya aina ya tatu, nayo huja na wapima ardhi badala ya mgambo. Kasulu imekuwa halmashauri ya mji, na Kibondo nayo inakua kuelekea vijiji vinavyoizunguka, huku mahitaji ya viwanja vya nyumba yakipanda. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaruhusu eneo kutangazwa kuwa la mipango miji, na kijiji kinapoingizwa katika mamlaka ya mji hugeuka kuwa mtaa. Kwa mkazi wa kawaida badiliko hilo linaweza kuonekana la jina tu, lakini kisheria ni kubwa, kwa kuwa Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaoundwa na wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, ndio wenye kauli juu ya ardhi ya kijiji, wakati mkutano wa mtaa hauna mamlaka kama hayo. Kwa ardhi inayobaki kuwa ya kijiji, sheria ya mwaka 1999 inasema kwamba pale Rais anapokusudia kuihamisha kwa manufaa ya umma, eneo lisilofika hekta 250 huhitaji idhini ya Mkutano Mkuu wenyewe, na eneo linalozidi hapo huamuliwa na Waziri baada ya kuzingatia mapendekezo ya mkutano huo, wala uhamisho haukamiliki kabla ya fidia kukubaliwa. Wanakijiji wengi wanaoambiwa kwamba upimaji umeshaamuliwa wilayani hawajui kwamba wana nguvu hii, au wanaijua baada ya vigingi kuwekwa.

Tatizo ambalo sheria hizi hazijalitatua liko katika hesabu ya fidia. Kiwanja cha mita 20 kwa 30, baada ya nyumba, choo na njia, hubakiza nafasi ya migomba michache isiyoweza kulisha kaya, kwa hiyo mkulima anayepokea kiwanja badala ya shamba hupokea tena nyumba ya kulala tu, safari hii ikiwa na hati. Mthamini huhesabu mashina, huthamini majengo, huongeza posho ya usumbufu na ya usafiri, kisha huithamini ardhi kwa bei ya soko. Lakini shamba la migomba linaloizunguka nyumba ya Mha, tofauti na shamba la mbali, kwa kawaida hurithiwa badala ya kuuzwa, na mahali ambapo mauzo ni adimu mthamini hana bei ya kulinganisha, akaishia kulipa udongo uliorutubishwa kwa miaka 40 kwa kiwango kilekile cha pori la jirani. Mkutano Mkuu unaotaka kukataa, au kukubali kwa bei ya haki, unaweza kuanzia hapo, kwa kudai kwamba tathmini itenganishe ardhi ya nyumbani na ardhi ya mbali kabla muhtasari haujatiwa saini.